Mlio Mmoja, Jumapili Saa Saba

Sekela mwanangu,

Umeenda Parkdale kuwaaga rafiki zako, na mimi nimekaa hapa kwenye meza ya chakula na kalamu, sanduku lako likinitazama pale mlangoni. Ni Jumamosi mchana, jua limetoka, Weston yote, mtaa wetu huu, iko nje ikijidai kwamba baridi imekwisha. Sitakuandikia habari za koti, wala za kula vizuri, wala za kunijulisha ukifika Vancouver. Hayo utayafanya au hutayafanya, na vyovyote itakavyokuwa utaniambia umeyafanya. Nakujua.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Unakielewa kuliko unavyokubali. Tangu darasa la pili mimi nakusemesha Kiswahili, wewe unanijibu Kiingereza, na sikumbuki siku hata moja tuliyoshindwa kuelewana kwa sababu ya lugha. Tulishindwa kuelewana kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa.

Jumatano, tukila, ulinieleza kazi utakayoanza nayo. Ulikuwa na furaha mpaka wali ukapoa. Ukasema wamekupa sehemu ya mtandao kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, ile ile niliyoishughulikia mimi miaka yote hii, na kwamba jukumu lako la kwanza ni kufagia mambo ya zamani yaliyomo humo. Nikakuuliza mmejuaje kwamba ni ya zamani. Ukacheka. "Nobody uses it, Mama." Halafu ukanyoosha uma kuelekea kile kisanduku cheusi kando ya televisheni, chenye ile simu ya mezani. "Kama hiyo namba. Just cut it off. Nani anapiga?"

Nikainuka nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Uliona, ukadhani nimenuna kwa sababu unaondoka. Haikuwa hivyo, au haikuwa hivyo tu.

Wewe na wale dada wa kwaya mnanitania kwamba nashuku hata maziwa niliyoyanunua mwenyewe. Ni kweli, nayanusa. Nimelipwa mshahara miaka kumi na saba kwa ajili ya pua hii. Kwenye kazi yetu mtu asiyeshuku ni hatari, na mtu anayekwambia "hakuna anayetumia" mshuku kuliko wote, maana alichokuambia hasa ni kwamba yeye hajawaona wanaotumia. Ila nimejifunza kwa taabu kwamba shaka inaweza kuelekezwa pasipo pake. Mimi niliielekeza pasipo pake mara mbili kwa wakati mmoja, kazini na nyumbani, na anayeishi na matokeo yake ni wewe.

Ulikuwa na miaka tisa. Baba yako alikuwa amerudi Tukuyu kumuuguza bibi yako. Aliaga kwamba ni miezi mitatu, ikawa sita, ikaelekea minane. Kila Jumapili saa saba mchana, tukishatoka kanisani, alipiga simu. Kwake huko giza lilikuwa limeshaingia, anatoka nje ya nyumba anasimama mahali penye mtandao, na wewe unakaa kwenye kile kigoda cha kando ya simu ukiwa bado na gauni la kanisani, kwa sababu kupokea simu ilikuwa kazi yako na hukutaka mtu akunyang'anye. Mkimaliza ndipo unanipa mimi. Nilibaki na dakika mbili tatu za habari za dawa.

Kile kisanduku kilikuwa cha kampuni yetu. Kilipitisha simu kwenye intaneti, na sisi wafanyakazi tulipewa tukitumie majumbani ili kikiwa na kasoro itupate sisi kabla ya wateja. Nilijivunia utaratibu huo. Niliona ni uungwana.

Sasa nikueleze nilichofanya. Wewe utakielewa kwa lugha ya kazi, lakini nakiandika kama ambavyo ningemweleza shangazi yako, kwa sababu nataka siku moja naye akisome.

Programu haishiki waya yenyewe. Inakiomba kiini, na kila ombi ni kama fomu ya ofisini: hapa andika hiki, hapa andika kile. Fomu moja ya zamani ya mambo ya sauti ilikuwa na nafasi chini kabisa, na maelezo yakasema nafasi hiyo imehifadhiwa, iachwe tupu. Miaka yote karani, yaani kiini chenyewe, hakuwahi kuangalia kama kweli imeachwa tupu. Mtu akiichafua, karani anapokea tu, anagonga muhuri, maisha yanaendelea.

Mimi nikaiona. Nikashtuka kama mtu aliyekuta mlango wa nyuma umelala wazi. Tulikuwa tunataka kuitumia nafasi ile kwa jambo jipya, nami nikasema kwanza tuwe wakali: fomu yoyote yenye kitu pale chini, irudishwe. Mistari minne ya msimbo wa programu. Mwenzangu mmoja akauliza kama kuna programu inayochafua pale. Nikapekua zetu zote, nikajibu hakuna. Programu ya simu ndani ya kile kisanduku haikuwa yetu. Tuliinunua kwa kampuni ndogo iliyokwisha kufungwa, na hakuna mtu aliyekuwa na msimbo wake wa asili, kwa hiyo sikuweza kuisoma. Nilichofanya ni kukijaribu kisanduku cha hapa nyumbani. Jumamosi moja nikaweka toleo jipya, nikasimama jikoni na simu ya mkononi, nikajipigia. Ikaita, nikapokea, nikajiambia hallo. Nikaridhika kabisa.

Jumapili iliyofuata, saa saba, simu ikatoa mlio mmoja mfupi ikanyamaza. Uliinua. Ukasema, "Baba? Hallo? Baba?" Hakuna. Ukarudisha. Baada ya muda mlio mmoja tena, na kimya tena. Ukanigeukia ukasema, "It's Baba. He's trying."

Nikakuambia ni waya tu, uende ukavue gauni.

Sekela, kazini mteja akiniambia jana kilifanya kazi na leo hakifanyi, nalazimika kumsikiliza hata kama ni mjinga namna gani. Wewe hukuwa mjinga. Ulikuwa mtu pekee nyumbani humu aliyeripoti hitilafu kama inavyotakiwa, saa, dalili na kisababishi, na mimi nikakutuma ukavue gauni.

Jumapili ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu nikaanza kufikiri. Si kuhusu kisanduku! Kisanduku nilikijaribu mwenyewe. Nikafikiri kuhusu baba yako. Miezi mitatu imekuwaje minane? Bibi anaumwa, sawa, lakini dada zake wako pale pale. Nikakumbuka mara ya mwisho alivyokohoa kabla ya kujibu swali langu. Nikajiambia ile milio ya mara moja moja ni mwanamke wake anatupima, anabonyeza namba aliyoikuta kwenye simu ya mume wa mtu kisha anakata. Nikamvika mpaka sura. Nilikuwa na simu ya ofisini ambayo kupiga nchi za nje ilikuwa marufuku, na hiyo ikawa kisingizio changu, lakini kama ningetaka kumpigia ningempigia. Sikutaka. Nilitaka nione atakaa kimya mpaka lini.

Ya nne, shangazi yako Subilaga akaniandikia barua pepe ya mstari mmoja: kaka anauliza mbona mnamkatia simu. Mtu mwingine angesimama hapo akajiuliza. Mimi niliona ujanja. Nikasema ndivyo wafanyavyo watu wenye makosa, wanakuwa wa kwanza kulalamika. Nikamjibu Subilaga: mwambie hatumkatii, na mwambie asipige tena.

Baba yako ni mtu wa kutii, hilo lilikuwa likiniudhi hata tulipokuwa vizuri. Alijaribu Jumapili moja zaidi, kisha akaacha.

Wewe uliendelea kukaa kwenye kigoda. Sikumbuki ni Jumapili ngapi. Najua kwamba siku moja ulikuja mezani ukiwa umevua gauni bila kuambiwa, na nikashukuru kwamba mambo yametulia.

Siku chache baada ya ile Jumapili ya tano nikatumwa Thorncliffe Park. Mteja wetu mmoja, Mzee Nazir, ana duka dogo chini ya yale maghorofa, amelalamika mara tatu na watu wa huduma wameshindwa kumwelewa. Nikafika na kompyuta yangu na ukali wangu. Alipojua natoka Tanzania akaacha Kiingereza pale pale. Yeye mzaliwa wa Mwanza, Mwismaili, Kiswahili chake kinatembea na kanzu. Akanipa chai ya maziwa na sambusa, akanieleza kwamba simu za hapa mjini zinaingia vizuri, za Mwanza na za Karachi zinalia mara moja zinakufa. Nikamuuliza, kwa sauti ile unayoichukia, amebadilisha nini.

Akaweka kikombe chini. "Dada yangu, mimi hapa sijagusa hata msumari. Ninyi ndio mliogusa. Dada yangu mimi yuko Mwanza, ana miaka themanini, hajui habari za kompyuta. Anajua kupiga namba hii tu. Sasa anadhani nimemchoka."

Nilifungua kumbukumbu za kifaa chake nikiwa bado na nia ya kumwonyesha kosa lake. Nikaziona zimepangana: namba ndefu, ombi limekataliwa, namba ndefu, ombi limekataliwa. Nikaelewa nikiwa nimeshika sambusa. Ile programu ya zamani ilikuwa inaandika namba ya anayepiga kwenye karatasi yake ya pembeni, halafu inaitumia karatasi hiyo hiyo kwa fomu bila kuifuta. Namba fupi za hapa mjini haziwezi kufika chini. Namba ndefu za ng'ambo zinafika, tarakimu zake za mwisho zinaangukia kwenye ile nafasi inayotakiwa kuwa tupu. Miaka yote karani alikuwa hajali. Karani mpya, mkali, msomi, akawa anazirudisha zote.

Mzee Nazir alinifungia sambusa zilizobaki. Sikumwambia kwamba karani ni mimi.

Nilirudi nyumbani kabla hujatoka shule. Nikakifungua kisanduku chetu, kitu ambacho kwa wiki zote zile sikuwa nimefikiria kukifanya, mimi ninayenusa maziwa. Namba ya baba yako ilikuwamo. Jumapili tano, mara kumi na saba. Mara nyingine amepumzika dakika mbili kabla ya kujaribu tena, mara nyingine nusu saa. Jumapili ile ya tano, baada ya mimi kumkataza, alikuwa amejaribu mara moja tu.

Nilichokuwa nakirudisha, mwanangu, ni zile tarakimu za mwisho za namba ya baba yako. Nilizichukulia kuwa uchafu.

Kazini nililitengeneza kwa siku mbili. Niliiacha ile fomu ya zamani ipokelewe kama ilivyozoea kupokelewa, na uchafu wake, na kwa lile jambo letu jipya nikafungua mlango mwingine pembeni, wenye namba ya toleo na ukaguzi mkali tangu siku yake ya kwanza. Ndivyo ningetakiwa kufanya tangu mwanzo. Ukitaka kumbana mtu, mbane siku anapoingia. Ukimwacha azoee miaka kumi, kile alichozoea kimekuwa ahadi yako, hata kama hukuiandika popote na hata kama vitabu viko upande wako. Vitabu vilikuwa upande wangu. Nilikuwa sahihi kwa kila neno la maelezo, na dada yake Mzee Nazir alilia wiki tano.

Mzee yule alinipigia mwenyewe kunishukuru. Dada yake alikuwa amepata laini.

Nyumbani kisanduku nilikiwekea marekebisho hayo, lakini kilichovunjika sikukitengeneza. Hapa ndipo pagumu kuandika, na usinitafutie udhuru, kwa sababu nimeshajaribu wote. Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa wiki moja tu tangu nimwambie asipige tena. Ningemwandikia Subilaga mistari mitatu, na Jumapili ungekuwa umerudi kwenye kigoda. Niliandika mistari hiyo. Nikaisoma, nikaona mimi ndiye mjinga ndani yake, mhandisi aliyeivunja simu ya nyumba yake kisha akamtungia mume mwanamke. Nikaifuta. Nikasema nitaiandika vizuri wiki ijayo.

Miaka miwili baadaye tukasikia ameoa. Na unajua nilichosema? Nilisema, si mnaona. Nilisema hivyo kwa sauti, hapa hapa, na ulikuwa unafanya hesabu za shule kwenye meza hii.

Zile kadi alizokutumia kila Krismasi kupitia kwa Subilaga umeziweka kwenye droo hujazifungua. Uliniambia, ukiwa na miaka kumi na nne, kwamba mtu anayeweza kutuma kadi anaweza kupiga simu. Ilikuwa hoja nzuri, yenye mantiki yangu mimi, na nilikuacha nayo. Kuna kitu nilikiacha tupu kati yetu kwa miaka kumi na mitatu, nikidhani kikiwa tupu hakina madhara, na wewe ukakijaza kwa ulichokuwa nacho. Ulikijaza kwa kufikiri kwamba baba yako alikuchoka.

Ile namba sikuifuta kamwe. Kisanduku kimekufa mara mbili, nimekifufua kwa vipuri vya kazini. Toleo lililomo ndani ni la zamani kuliko viatu vyako vya kwanza vya shule ya sekondari. Unasema hakuna anayeitumia, na kweli kumbukumbu ziko tupu. Lakini ni mimi niliyemwambia asipige, kwa hiyo utupu wake unathibitisha nini?

Basi jana asubuhi, kabla ya kazi, nilimpigia. Mara ya kwanza. Nilimweleza yote, fomu, karani, namba ndefu na namba fupi. Yeye ni mwalimu wa historia, na sikujua ameelewa kiasi gani. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Kwa hiyo mtoto hakukata?"

Sikuelewa. Akarudia polepole. Anayepokea simu siku zote ulikuwa wewe, akasema. Alikuwa anasikia inaita, kisha inakatwa. Alijua uko kwenye kigoda. Miaka yote hii alidhani ni wewe uliyekuwa ukiinua na kurudisha chini, kwa hasira ya kuachwa, na alipoambiwa asipige tena aliona kwamba mtoto ana haki. Hakutaka kukulazimisha.

Niliomba msamaha. Hakusema amenisamehe, akasema ana darasa. Sijui anawaza nini, na kwa kawaida yangu nimeshatunga mambo sita anayoweza kuwa anawaza, yote mabaya. Kabla ya kukata nilimwambia kwamba namba ni ile ile, na saa ni ile ile, na kwamba ndege yako ni kesho jioni. Akasema, "Saa saba yenu?" Nikasema ndiyo. Hakuahidi.

Utanishuku. Utasema mama ameandika haya leo ili asiulizwe kesho, maana mtu aliyeshika sanduku hana muda wa kugombana. Ni kweli kiasi. Utauliza pia kama zile namba kumi na saba zipo au nimezitunga. Karatasi ya kumbukumbu nimeikunja ndani ya barua hii. Niliichapisha siku ile ile, nimeihifadhi ndani ya Biblia, ambako nilijua hutaigusa. Isome kama unavyosoma za kazini. Nikague.

Na huko Vancouver, watakapokupa ufagio, sikuzuii kufagia. Nakuomba tu kabla ya kufuta ujiulize ni nani anayepiga kutoka mbali, kwa namba ndefu, kwa kifaa ambacho aliyekitengeneza ameshafunga duka. Usijaribu ukiwa umesimama jikoni kama mimi.

Barua naiweka juu ya sanduku, si ndani, uione leo. Kesho unaweza usiniongeleshe kanisani, nitaelewa. Nimekijaribu kisanduku leo mchana huu ulipoondoka. Nilimwomba Subilaga anipigie kutoka Mbeya. Mara ya kwanza kiliita sawasawa, nikapokea, nikamsikia mpaka mbwa wa jirani yake. Nikamwambia akate apige tena. Kisha tena.

Kesho saa saba nitakuwa nje, nitashuka mpaka mtoni. Kigoda nimekitoa kabatini nimekifuta vumbi. Ikilia, hata kama ni mlio mmoja, ni baba yako. Ulisema hivyo tangu mwanzo.

Mama